Mpaka Fundi Ainue Mkono

Fundi wetu wa sauti alikuwa na tabia moja ambayo kila bendi iliyofanya naye kazi iliilalamikia. Akishawasha mashine yake asubuhi, haizimi mpaka watu waondoke. Mkila, inarekodi. Mkipiga soga, inarekodi. Mkigombana nani kaharibu wimbo, inarekodi vilevile, na aliyekuwa akiwasingizia wenzake huumbuka hapohapo. Mwanamke yule alisema vitu vizuri hutokea watu wakidhani kazi imesimama. Sikumbishia, maana ndiye pekee aliyekubali kunirekodi nilivyotaka: laivu, sote ndani ya chumba kimoja, vyombo visivyo na umeme, mimi na bendi yangu tukitazamana usoni.

Alikuwa na sheria moja pia. Wimbo ukiisha, hakuna kukohoa, hakuna kusogeza kiti, hakuna kusema neno, mpaka yeye ainue mkono. Alitaka sauti ya mwisho ipotee yenyewe. Siku ya kwanza mpiga besi wetu alipiga chafya kabla mkono haujainuka, tukaurudia wimbo wa dakika sita huku tukimtazama kwa jicho baya. Huyo tulimwita Shemeji, kwa sababu yeye alimwita kila mtu shemeji, hata daktari wake wa meno.

Chumba chenyewe kilikuwa karakana ya ushonaji. Majora ya vitambaa yalijaa kuta tatu mpaka juu, na Fundi aliponyoosha mikono akapiga kofi moja katikati ya chumba, kofi halikurudi kwa mwangwi. Alitabasamu kama mtu aliyeonja mchuzi wenye chumvi ya kutosha. Cherehani sita zilisukumwa pembeni na kufunikwa mashuka. Chumba kidogo cha kujaribia nguo, nyuma ya pazia, ndicho alichokifanya ofisi yake, na mkono wake aliuinua kwenye upenyo wa pazia. Karakana ilikuwa ya mama yake Taratibu.

Taratibu ndiye aliyekuwa mpiga gitaa. Jina alilipata kwa namna alivyokaza nyuzi: angeinamisha sikio, akakaza kidogo, akalegeza kidogo, akakaza tena, wengine tumeshazeeka. Ndiye niliyempenda. Bora niseme mapema nisije nikaonekana nazungukazunguka.

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na talaka moja. Yeye alikuwa na thelathini na tatu. Alipojiunga na bendi aliniita dada, na kwa miaka miwili aliniita hivyo kwa adabu zote. Kisha siku moja, tukiwa tunapanga nyimbo, akaniletea kikombe cha chai akasema, "Shika." Bila dada. Nilisikia pengo lile, naye aliona kwamba nimesikia. Tangu siku hiyo hakuniita dada tena, wala hatukuwahi kulizungumza. Mapenzi yetu yalianzia kwenye neno ambalo halikusemwa.

Mama yake alituazima karakana kwa moyo mweupe kabla hajajua lolote. Tena aliahidi kunishonea gauni la kupigia picha ya jalada. Wiki moja kabla ya kurekodi, Taratibu akamwambia kwamba anataka kunioa. Tulidhani tutanyang'anywa funguo. Hatukunyang'anywa. Mama alikuwa mtu wa ahadi, na mtu wa namna hiyo ndiye mgumu zaidi kumkasirikia.

Jumapili mchana, siku ya pili, tulikuwa tumebakiza wimbo mmoja. Ulikuwa wa mwisho kwenye albamu, na niliutunga kwa ajili yake, ingawa kwenye bendi sote tulijifanya hatujui. Shemeji na mpiga ngoma walikwenda kula. Taratibu alikatikiwa na uzi, akatoka kutafuta mwingine. Mimi nilibaki kwenye kiti changu, mbele ya maikrofoni, nikipumzisha koo. Mama akaingia na gauni mkononi.

"Vaa tupime pindo," alisema. "Halijaisha upande wa chini."

Lilikuwa la kijani kilichoiva, mikono mirefu, na lilinikaa utadhani nimezaliwa nalo. Nilimwambia hivyo. Alipiga magoti, akaweka pini kadhaa katikati ya midomo yake, akaanza kukunja kitambaa. Mtu aliyezungukwa na pini miguuni hawezi kwenda popote, na nadhani alilijua hilo. Alibandika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akazitoa zilizobaki mdomoni, akazishika kiganjani.

"Sikuchukii," alisema.

"Najua, Mama."

"Ningekuchukia ingekuwa rahisi. Ningekutukana hapa hapa, ukaondoka zako." Alinyoosha kitambaa kwa kidole gumba. "Simama wima. Umeinamia kushoto."

Nilisimama wima. Akaniuliza kama ni kweli alichoambiwa na mwanawe, kwamba daktari alikwisha sema siwezi kuzaa. Nikamwambia ni kweli. Madaktari watatu walisema, na ndoa yangu ya kwanza iliishia kwenye meza ya wa tatu. Sikulia wakati namweleza. Habari hiyo nilikwisha kuililia kwa miaka, ikabaki kama anwani ya nyumba niliyohama.

"Nilibeba mimba nne," alisema. "Nikashika mtoto mmoja. Baba yake alipofariki, tulibaki wawili. Mimi nikiondoka, atabaki mmoja."

"Atakuwa na mimi."

"Wewe utamtangulia, mwanangu. Umemzidi miaka tisa." Alilisema kwa upole, kama anayenikumbusha kufunga dirisha. "Yeye anasema hataki watoto. Amekuambia na wewe?"

"Ameniambia."

"Umemwamini?"

Kabla sijajibu, macho yake yaliinuka kuelekea ukuta ulio karibu na mlango, na yangu yakayafuata. Pale, katikati ya majora mawili, palining'inia gitaa dogo la mtoto. Baba yake Taratibu, aliyekuwa seremala, alilichonga mwanawe alipokuwa na miaka mitano. Kila mwaka Taratibu aliliteremsha, akalipangusa vumbi, akabadilisha nyuzi zote sita, akalikaza kwa ule uvivu wake, kisha akalirudisha. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara mbili. Mara ya pili nilimtania kwamba anatunza makumbusho. Akacheka, akasema, "Nyuzi zikikaa sana zinaota kutu." Nami nikaridhika na jibu lile, maana nilitaka kuridhika.

Sasa nikaliangalia gitaa lile na nyuzi zake mpya zinazong'aa, zinazosubiri vidole ambavyo mimi nisingeweza kuvileta.

"Sikufukuzi," Mama alisema. "Ukikataa, nitakuja harusini nimevaa vizuri, na hutasikia neno baya kutoka kwangu. Nakuomba tu. Kama mwanamke mwenzangu, nakuomba."

Hapo ndipo nilipovunjika. Mama mkwe wangu wa kwanza alinitolea sanduku nje, na nilipata nguvu ya kumchukia hadi leo. Nimewahi kufukuzwa. Sikuwahi kuombwa. Huyu alikuwa amepiga magoti miguuni pangu, mwanamke wa miaka sitini na saba, na pini kiganjani, na hata hakuwa amepiga magoti kwa ajili ya kuniomba.

"Hataniacha nikimwambia sababu," nilisema. "Atabisha. Atasema tutalea mtoto wa mtu. Atasema lolote."

"Basi usimwambie sababu."

Akamalizia pindo. Kabla hajaondoka alinishika mkono, akaubana mara moja, akautazama kana kwamba anaupima na wenyewe.

Taratibu alirudi na uzi wake. Nilimfuata kwenye ngazi za nyuma, alikokaa kuufunga. Nilikuwa nimeshavua gauni na nimeshanawa uso. Nilijua nikichelewa nitaghairi, kwa hiyo nilisema bila utangulizi kwamba tukimaliza albamu hii, mimi na yeye tumemalizana.

Aliendelea kuzungusha kifunguo cha uzi mara mbili zaidi, kisha mkono ukasimama.

"Mama amekwambia kitu?"

"Mama amenipima gauni."

"Nitazame."

Nilimtazama. Nimeimba jukwaani miaka ishirini, na siku zote watu wamesema siwezi kuigiza. Siku hiyo niliweza.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nimechoka."

"Umechoka na mimi?"

"Nimechoka kujifanya rika lako. Wewe ni kijana mzuri, lakini ni kijana. Nilikuwa mpweke, ukawa karibu, basi. Ndivyo ilivyokuwa."

Uso wake haukubadilika haraka. Kila kitu chake kilikwenda taratibu, hata kuumia. Niliyaona maumivu yakishuka kutoka kwenye macho, yakapita mdomoni, yakafika kwenye vidole vilivyoushika uzi.

"Tutafanyaje kazi?" aliuliza mwishowe.

"Kama zamani. Niite dada, kama zamani."

Aliuvuta uzi, akainamisha sikio, akaanza kuukaza. Niliingia ndani kabla hajamaliza, kwa sababu sauti ile ndogo ya uzi unaopanda ilikuwa inapanda pamoja na kitu kifuani mwangu.

Saa kumi kasorobo tukakaa kwenye viti vyetu. Fundi aliomba nivae lile gauni, picha ipigwe mara tu baada ya wimbo, mwanga wa dirisha ukiwa bado mzuri. Mama alikaa nyuma ya cherehani yake, mikono juu ya shuka iliyoifunika. Viti vyetu vilikuwa nusu duara: Shemeji na besi lake kubwa la mbao, mpiga ngoma, mimi, na Taratibu mwishoni kabisa, mbali na mlango. Ili kutoka, ilimlazimu apite mbele yangu.

Mara ya kwanza niliuharibu. Ubeti wa pili niliuimba kwa maneno ya wa tatu. Niliomba radhi, Shemeji akasema si kitu, shemeji, hata mimi nilikuwa nimepotea njia. Hakuwa amepotea. Alikuwa ananifunika tu, na nilimpenda kwa hilo. Fundi alitoa kichwa nje ya pazia, akaniangalia zaidi ya ilivyohitajika, akasema tunywe maji, turudie mara moja tu, kisha basi.

Tukarudia. Taratibu alianza peke yake, kama tulivyopanga. Nilikuwa nimezoea anitazame kwenye sehemu hiyo, anipe ishara ya kuingia kwa kuinua nyusi. Safari hii alitazama vidole vyake. Niliingia bila ishara, na nikaingia sawasawa. Nilifumba macho, nikaimba.

*Njoo ukae karibu, japo huna la kunena,*
*kimya chako ni jawabu, sitakuuliza tena.*

Sijawahi kuimba vile, na sitaimba vile tena. Sikuwa naimba vizuri, nilikuwa naaga. Kila neno nililolitunga kwa furaha miezi sita nyuma liligeuka mikononi mwangu. Na gitaa lake halikunilaumu. Nilipopunguza mwendo, lilinisubiri. Nilipokosa pumzi, lilijaza pale nilipoacha, kama mtu anayemshika mwenzake kiwiko kwenye ngazi ya giza. Mtu niliyetoka kumwambia kwamba simtaki alikuwa ananibeba mpaka mwisho wa wimbo wake mwenyewe, na alinifikisha.

Uzi wa mwisho ukalia. Tukanyamaza, kama ilivyokuwa sheria. Sikufumbua macho. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikifumbua kabla mkono haujainuka, nitamtazama, na nikimtazama nitasema.

Katika kimya hicho nikasikia sauti yake.

"Asante, dada."

Kisha kiti. Kisha gitaa likilazwa sakafuni. Kisha hatua zake, taratibu, na mlango ukifungwa pole pole, asije akaushtua. Mtu ambaye hakuwahi kuvunja sheria ya Fundi hata kwa kukohoa, aliivunja yote kwa mpigo.

Nilipofumbua macho, mkono wa Fundi ulikuwa bado uko chini. Hakuuinua tena siku ile. Mpiga ngoma alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Shemeji alikumbatia besi lake akaangalia dari. Mama aliinuka polepole, akaja mpaka nilipokaa, akapiga magoti kwa mara ya pili siku hiyo. Nilidhani anataka kuniambia kitu.

"Umebaki na pini moja," alisema, akaichomoa kwenye pindo, karibu na kifundo cha mguu. Kisha akaliokota gitaa la mwanawe, akalifunga kwa kitambaa, akaondoka nalo.

Picha haikupigwa.

Jumatano Fundi aliniita nyumbani kwake kusikiliza. Kwa kawaida Taratibu na mimi tungechagua pamoja, lakini yeye alituma ujumbe kwa Shemeji kwamba amepata kazi kwenye bendi nyingine, na kwamba anatuamini. Ujumbe ulikuja kwa Shemeji. Si kwangu.

Fundi alinivalisha hedifoni, kisha akanivua tena, akakaa akinitazama.

"Jumapili mchana nilikuwa nyuma ya pazia nakula," alisema. "Mashine ilikuwa inarekodi. Unanijua tabia yangu."

Nilielewa kabla hajamaliza. Maikrofoni yangu, gauni, pini. Mama akiomba, mimi nikikubali. Yote yalikuwa mle, safi, kila pumzi.

"Sikumwambia mtu," alisema. "Lakini ipo. Neno moja kutoka kwako, nampelekea yule kijana leo hii. Ataisikiliza dakika tano tu, kisha utamkuta mlangoni kwako. Usijidanganye kwamba hutamkuta."

Niliomba anisikilizishe kidogo. Nilisikia sauti ya Mama ikisema *atabaki mmoja*. Nikasikia kimya changu mwenyewe, kile cha kuliangalia gitaa dogo ukutani, na kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani. Fundi hakuniharakisha. Nilimwona Taratibu mlangoni, waziwazi, na uzi wa gitaa mkononi, akisema Shika. Nilimtaka mpaka meno yakauma. Halafu nikamwona miaka kumi mbele, akiteremsha gitaa dogo, akilipangusa, akilirudisha, na kuniambia kwamba ni kwa sababu ya kutu.

"Futa," nilisema.

"Una uhakika?"

"Sina. Futa kabla sijapata."

Alifuta. Ni kitufe tu, wala hakikulia. Aliniachia nijipanguse uso, kisha akasema kwamba kazi nyingine ni ndogo, mwisho wa wimbo ule wa mwisho. Atakata pale uzi unapopotea, yale maneno na hatua ziondoke, albamu iishe kwa usafi. Nikamwambia kwanza nisikie.

Nilifumba macho kama siku ile. Uzi ukalia, ukapungua. *Asante, dada.* Kiti. Gitaa sakafuni. Nikaanza kuhesabu hatua bila kukusudia. Moja, mbili, tatu, nne.

Ya tano haikuja.

Nilishika hedifoni kwa mikono miwili. Palikuwa na kimya, na ndani ya kimya palikuwa na pumzi ya mtu, karibu kabisa na maikrofoni yangu. Moja. Mbili. Tatu. Alikuwa amesimama mbele yangu. Jumapili sikuisikia pumzi hiyo, damu ilikuwa inanipiga masikioni. Alikuwa amesimama pale hatua moja kutoka magotini pangu, akinipa nafasi ya kusema neno, lolote, nami nilikaa nimefumba macho, nimebana midomo, kama mwanafunzi mtiifu, nikisubiri mkono wa Fundi.

Kisha hatua zikaendelea, na mlango ukafungwa.

"Basi nikate hapo kwenye uzi," Fundi alisema.

"Usikate," nikamwambia. "Iache yote."